Nilichomwambia Daktari Kukuhusu

Mama yangu,

Shikamoo. Umelala nyuma ya nyumba yako kule Gorong'a kwa miaka minne sasa, na bado siwezi kuanza neno na wewe kabla ya kukuamkia. Ningeanza bila shikamoo ungegeuza uso ukaongea na kuku.

Jumanne iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya daktari pale Mugumu, nikamwambia kwamba wewe hukunizaa. Nilisema kwa sauti ninayotumia darasani ninapoeleza jambo lililomo kitabuni. Daktari akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya maneno aliyokuwa ameandika kukuhusu, akatia sahihi pembeni. Haikuchukua hata dakika moja. Tangu siku hiyo nimefundisha, nimesahihisha madaftari, nimekula, na sijapumua vizuri. Ndiyo maana nakuandikia, na naiacha barua hii wazi. Nilichosema nilikisema mbele ya mtu. Si haki nije kutubu mafichoni.

Wasiotufahamu itabidi niwaeleze kidogo. Wewe vumilia.

Uliishi na mumeo mpaka akafa bila kupata mtoto. Ulikuwa na ng'ombe, ulikuwa na nyumba, na hukuwa na wa kuirithi. Ukafanya kama wanawake wa Kikurya walivyofanya tangu zamani: ukatoa ng'ombe, ukaoa mke. Ndoa hiyo kwetu huitwa nyumba ntobhu. Mke huyo ndiye aliyenibeba tumboni, nami nikakua nikimwita Mama Mdogo. Mwanamume aliyehusika hakuwa na jina nyumbani kwetu, na hakuna aliyemtafutia. Mimi nilikuwa wa nyumba yako tangu siku ng'ombe walipotoka zizini mwako. Wewe ulikuwa Mama. Jina la ukoo ninaloandika kwenye vyeti vyangu ni la mumeo, ambaye sikumkuta.

Nilipokuwa darasa la nne, msichana mmoja aliniambia kisimani, "Baba yako anavaa gauni." Nikarudi nalia. Ulikuwa unapepeta mtama, na hukuacha kupepeta.

"Kamwambie ndiyo," ulisema. "Na mwambie analo jingine la kanisani."

Mama Mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilimwambia yule msichana hivyo hivyo, akajitwika ndoo akaenda zake. Sikuuliza tena habari za baba. Nadhani hapo ndipo nilipofunga mlango mmoja kichwani mwangu, na nilikuwa mtoto mwenye furaha nilipoufunga.

Nakumbuka mikono yako ya asubuhi. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba vidole vyako havikunjiki mpaka jua lipande. Ulikuwa unavishikilia juu ya mvuke wa sufuria, unavigeuza huku na huku kama mtu anayechoma mahindi, ukisema, "Ngoja wazee hawa waamke." Zahanati walikupa vidonge vya maumivu na neno baridi yabisi, na sisi tukalichukua neno hilo kama sehemu ya jina lako. Uliposhindwa kukamua ulikaa kwenye kigoda ukanielekeza mimi. "Vuta taratibu, Boke. Huyu ni ng'ombe, si kengele ya shule."

Kwa hiyo ulipoanza kuangusha vikombe hatukushtuka.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuja likizo nikakukuta unashika kijiko kwa ngumi. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imezama, pamebaki shimo. Ngozi ya mkono wako ilikuwa inarukaruka yenyewe, kama ya ng'ombe anayefukuza inzi. Niliyaona yote hayo, mimi niliyekuwa nasomea Biolojia, nikakuambia, "Ni baridi yabisi yako, Mama. Imepanda. Meza dawa vizuri."

Kila tulipokwenda zahanati tulitaja ugonjwa wa zamani kabla hatujaulizwa mpya. "Ana baridi yabisi," tulisema mlangoni, na mganga akaandika baridi yabisi. Hakuna aliyetudanganya. Sisi ndio tuliokuwa tukiwapa jibu mkononi, kwa mazoea, na wao wakalipokea.

Ulimi wako ulipokuwa mzito, jirani alipita akasema kwa sauti ili usikie, "Mama Boke siku hizi anaongea kama ametoka kilabuni." Ulimjibu polepole, neno moja moja, "Ningekuwa nakunywa, ningekunywa yako." Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho niliyokusikia ukiimaliza bila kupumzika katikati.

Tulipokufikisha hospitali Mwanza, walijua siku ile ile. Daktari mzee alikuambia utoe ulimi, akauangalia ulivyokuwa ukitetemeka, akakugonga magoti kwa nyundo ndogo, kisha akavua miwani. Alitueleza kwamba neva zinazoendesha misuli zinakufa, na zikifa misuli nayo inakwisha, ya mikono, ya miguu, ya koo, mwisho ya kupumua. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuzuia. "Lakini akili haiguswi," alisema. "Na hisia za ngozi zinabaki. Atasikia kila kitu, ataelewa kila kitu." Alisema kama mtu anayetupa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Tulikwenda nacho. Sijui kama unajua nilichokiona siku moja mchana, mikono yako ikiwa haiinuki tena, nikiwa peke yangu na wewe. Inzi alitua shavuni mwako. Ulikuwa unamhisi. Alitembea kutoka shavuni hadi pembeni ya jicho, akasimama, akatembea tena, na macho yako yakamfuata yalivyoweza. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilichelewa kusogea, kwa sababu kwa muda ule sikuwa nakutazama wewe, nilikuwa ndani yako, nikitafuta mkono wa kumfukuza nisiuone. Kisha nikaja nikamfukuza. Uliinua nyusi mara moja, ishara yako ya ndiyo tangu ulimi ulipokataa, nami sikuwa nimeuliza kitu.

Miezi miwili baadaye ukafa. Mama Mdogo ndiye aliyekuwa amekushika kichwa.

Mwaka jana vidole vyangu viligoma. Nafundisha Nyansurura sasa, Mama, sekondari, nina nyumba ya vyumba viwili karibu na shule. Asubuhi moja chaki ilidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena, na wanafunzi wa mbele wakaacha kuandika wakanitazama. Viungo vilikuwa vimevimba, vyekundu, sawasawa mikono yote miwili. Nikaenda Mugumu wakanipima damu. Daktari ni kijana kutoka Tanga, mpole, anaomba samahani kabla ya kila swali. Akaniambia ni baridi yabisi. Kwamba ni moja ya yale magonjwa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili na kumshambulia kama mgeni. Kuna dawa za kuituliza. Akafungua faili.

"Samahani mwalimu, kwenu yupo mwingine mwenye ugonjwa huu?"

"Mama."

"Yupo hai?"

"Amefariki."

"Kwa ugonjwa huu huu?"

Nikamweleza ulichokufa nacho. Kalamu yake ikasimama. "Alikuwa na yote mawili? Huu, halafu ule?"

"Ndiyo."

Akaandika mstari mzima, akaupigia mstari chini.

Sikudanganya. Aliuliza kwenu, na kwetu ni kwako. Mkurya yeyote aliyelelewa kwenye nyumba kama yetu angejibu hivyo hivyo kabla ya kufikiri. Lakini nilipokuwa natoka mlangoni nilikuwa nimeshafikiri, na sikurudi.

Nikaanza kusoma. Simu inashika mtandao nikikaa kwenye ngazi za maktaba ya shule, basi nilikaa pale kila jioni. Nilitafuta jambo moja: kama mtu mwenye ugonjwa wa kinga yuko karibu zaidi na ule ugonjwa wa neva. Wapo watafiti waliochunguza watu wengi, na baadhi yao waliona kwamba wenye magonjwa ya kinga, si baridi yabisi peke yake, wanaupata kidogo zaidi kuliko wengine. Hakuna anayejua kwa nini. Huenda uvimbe ule unaokula viungo unazifikia na neva. Huenda yapo yaliyomo katika damu ya mtu yanayofungua njia zote mbili. Huenda pia ni kwamba ugonjwa wa neva ukianza unafanana na mengine, watu wanapewa jina la kwanza lisilo lao, halafu vitabuni inaonekana kama moja limelitangulia jingine. Hilo la tatu nililisoma mara nyingi. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu kwenye zahanati, nimesimama kando yako.

Wote walisema jambo moja: ni kidogo. Ugonjwa wenyewe ni nadra, na nyongeza ni ndogo, na wengi mno wenye baridi yabisi watazeeka wafe kwa mambo mengine. Mimi hufundisha watoto maana ya uwezekano. Naijua. Haikunisaidia kitu, maana mimi sikuwa nimeona uwezekano. Nilikuwa nimeona inzi.

Kila asubuhi kwa mwaka mzima nimesimama dirishani nikaunyosha mkono kwenye mwanga, nikaitazama ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Halafu kioo. Natoa ulimi naungoja utetemeke, na ulimi wowote ukiungoja hutetemeka. Nahesabu sekunde ninazoweza kuzuia pumzi. Nikikwama neno darasani, siku imeharibika. Nikijikwaa, wiki imeharibika. Mwalimu mwenzangu, dada mmoja wa Singida anayekaa nyumba ya pili, alinikuta siku moja nimetoa ulimi mbele ya kioo, akauliza, "Boke, unamtania nani humo?" Nikacheka naye. Sikuweza kumwambia kwamba ninakaa ndani ya chumba ambacho ukuta mmoja ni wewe.

Jumanne daktari alinipokea kwa furaha. Alikuwa amenipatia nafasi Mwanza, kupimwa neva.

"Na kwa sababu ya mama," alisema, "nimezungumza na wenzangu. Watachukua damu yako waipeleke mbali, waangalie kama kuna kitu cha kurithi. Itafaa tupate na ya ndugu yake mmoja wa damu. Mama alikuwa na kaka?"

Ulikuwa na kaka. Yupo, anatembelea fimbo sasa. Nikamwona Mjomba akipandishwa gari hadi Mwanza, ananyoosha mkono wake achomwe sindano kwa ajili yangu, akijivuna kwamba damu yake inatafutwa na wataalamu. Na ingetafutwa kwangu, isionekane.

"Mwalimu?"

Nikaweka mkono juu ya faili.

"Hakunizaa," nikasema. "Yule niliyekuambia. Ni mama yangu, lakini hakunizaa. Hatuna damu moja."

"Alikulea?"

"Alimuoa mama aliyenizaa."

Ilibidi nieleze. Alisikiliza vizuri, hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Ndipo akachukua rula.

"Basi la kurithi kutoka kwake halipo," alisema. "Na samahani, hata angekuzaa, mara nyingi ule ugonjwa haurithiwi. Mwanza hatutaharakisha."

"Na la baridi yabisi?"

"Hilo liko kwako kama lilivyo kwa yeyote mwenye baridi yabisi. Ni kidogo sana, mwalimu. Ukiona udhaifu usiokuwa na maumivu, njoo, usiseme ni viungo. Vinginevyo, meza dawa uishi."

"Kwa hiyo nimetoka wapi, nimefika wapi?"

Akatabasamu, akidhani natania. Akageuza ukurasa. "Mama aliyekuzaa, ana ugonjwa wowote? Na baba?"

Nikasema nitauliza.

Jumamosi nilikwenda Gorong'a. Mama Mdogo alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilimwamkia, nikakaa, nikashika hindi nimsaidie, vidole vikakataa. Nikamweleza yote bila kumtazama. Aliendelea kupukuchua mpaka nikafika kwenye neno lenyewe.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba Mama hakunizaa."

"Nani alikuzaa?"

"Wewe."

"Nilikuzaa kwa ajili ya nani?"

Nikaliinamia hindi langu.

"Nakuuliza, Boke. Wewe umesoma. Nilikuzaa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Mama."

"Basi." Akatupa gunzi. "Miaka yote hii hapa pana nyumba yenye mtoto. Ukoo unajua, kanisa linajua, serikali imekupa vyeti inajua. Leo umekwenda kwa mtu wa Tanga umemwandikisha mwenzangu kuwa mgumba."

"Mama Mdogo, daktari anataka kujua upande wa baba, kwa sababu ya..."

"Daktari akija hapa nitampa chai."

Sikurudia. Baadaye akanivuta mikono yote miwili, akaiweka juu ya kanga yake, akabonyeza kiungo kimoja kimoja. "Inauma?" Nikasema asubuhi. Akasema, kama anayejisemea, kwamba kwao hakuna mwenye mikono hii, mama yake alikamua mpaka uzeeni. Hilo tu ndilo alilonipa. Nusu ya damu yangu haina ugonjwa huu, na nusu nyingine haitatajwa na mtu yeyote anayeijua. Kisha akainuka, akaninyang'anya mahindi, akaniambia niende nikale.

Nilipita nyuma ya nyumba kabla ya kuondoka. Nilisimama hapo, wewe umelala, sikusema kitu. Nasema sasa.

Mwezi ujao daktari atafungua faili ile tena, nami nimejiuliza kama nimwombe aufute mstari wake mwekundu. Sitamwomba. Wewe ulichelewa kujulikana kwa sababu sote tulijibu tulivyozoea, na mimi nilikuwa wa kwanza kujibu. Siwezi kuiacha karatasi nyingine ya hospitali iseme kitu kisicho kweli kuhusu mwili, hata kama uongo huo ndio heshima yangu kubwa. Kwa hiyo mstari utabaki, na Mama Mdogo atabaki na hasira yake, na vyote viwili ni sahihi, na mimi niko katikati yake na sioni pa kutokea.

Ulidhani nimepata nafuu? Mimi pia nilidhani. Jumatano asubuhi, kesho yake baada ya mstari ule, nilisimama dirishani kama kawaida, nikaunyosha mkono kwenye mwanga. Nyama ipo. Nikangoja ile hofu, ikaja, lakini ilikuja ndogo, ya mtu yeyote mwenye baridi yabisi, hofu ambayo daktari ameipima akasema ni kidogo. Nikalia, Mama. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia mpaka kengele ya shule ikalia. Na ilinichukua siku nne kuelewa ninalilia nini.

Sina macho yako. Sina urefu wako, sina sauti yako. Watu walipotutazama tukienda kanisani hakuna aliyewahi kusema tunafanana. Vidole vyangu vilipovimba, kitu cha kwanza nilichohisi, kabla ya woga, sijawahi kumwambia mtu. Nilihisi nimefika. Nilisema moyoni, sasa nina mikono ya Mama. Na kila nilichosoma pale kwenye ngazi za maktaba, kila neno la hatari, nililisoma nikitetemeka na sikuacha, kwa sababu kila neno lilikuwa linanisogeza kwako. Mwaka mzima nimeogopa kufa kama wewe. Sikujua kwamba nilikuwa pia naringa.

Pumzika, Mama. Likizo ya mwezi wa sita nitakuja kung'oa magugu hapo ulipo, kama vidole vitaniruhusu, na visiporuhusu nitakaa tu.

Ni mimi mwanao, wa nyumba yako,
Boke